Mkalimani Nyuma ya Shuka

Mjomba wangu Kamaludin alikuwa mshona magodoro, na ulimi alijaaliwa. Watu wa Mji wa Kale walimletea magodoro ambayo bado yalifaa, ili tu wakae barazani pake wamsikilize akichambua sufi na kuwaigiza watu: karani wa forodha, imamu mwenye mafua, mwanamke anayebishania bei ya samaki. Mwaka wa 1943, vita vilipochelewesha picha mpya kutoka Bombay, mwenye ukumbi mmoja wa sinema karibu na Makadara alitoa mikanda yake ya zamani isiyo na sauti, akatafuta mtu wa kuieleza kwa Kiswahili. Akampata mjomba.

Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake. Kwa kuwa yeye ni mwanamume, mjomba alisimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya shuka iliyotundikwa kwa kamba. Picha aliiona kwa upande, lakini wanawake hakuwaona. Aliwasikia tu. Mama yangu, Bimdogo, ambaye ni dadake, huniambia kwamba kile kicheko cha wanawake gizani kilimlevya.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti mmoja, Mwanaesha, wa miaka kumi na mitano. Mwanaesha alikuwa na sauti nzuri ya kusoma Kurani, na babake alimtangaza kila alikokwenda. Siku ya kuhitimu, mbele ya wageni waliojaa hadi kwenye ngazi, msichana alifika katikati ya sura akanyamaza. Hakuwa amesahau. Alisema baadaye kwamba maneno yalimjia yote kwa mpigo. Wageni walikula biriani wakaenda zao, na babake hakumwambia neno, la kumlaumu wala la kumpoza.

Tangu hapo udhu ukamshinda. Akiosha mikono huona haikutakata, huanza upya, na akifika miguuni hutilia shaka mikono. Mtungi ulikwisha, sala ikapita, ngozi ya vidole ikapasuka. Usingizi ukapungua, na chakula pia. Mjomba aliwaambia majirani kuwa binti ana homa. Homa ya miezi mitatu. Mtu akija kumjulia hali, mjomba alisimama mlangoni akamfanyia mzaha mmoja baada ya mwingine mpaka mgeni akaondoka akicheka, hakuingia.

Asubuhi moja Mwanaesha alimwambia, "Baba, kichwani mwangu mna soko. Kila mtu anadi chake, na hakuna anayefunga."

"Lala kidogo," mjomba akamjibu. "Ukilala litafungwa."

Akaenda zake kazini.

Picha ya Jumatano ile ilimhusu kijana wa Kihindi anayesoma bwenini, na mtihani unakaribia. Mwanzo ilichekesha: kijana anachovya kalamu kwenye chai, ananywa wino. Kisha polepole ikageuka. Akawa ameketi sakafuni, ameshika kichwa, midomo inacheza. Maandishi ya Kihindi yakatokea. Kihindi cha mjomba kilikuwa cha dukani, cha uzi na vitambaa, hakikumfikisha mbali. Ukumbi ulitulia, na utulivu yeye hakuupenda. Akatafuta la kusema, na lililomjia mdomoni alilitoa kwa sauti nyembamba ya kigori:

"Baba, kichwani mwangu mna soko. Huyu anadi mchicha, huyu anadi papa, na mimi sina hata kikapu."

Wanawake walishika mbavu. Akalirudia. Akalirudia tena.

Mwanaesha alikuwa safu ya nne. Mama yangu ndiye aliyempeleka, bila kumwambia kaka yake, baada ya kumbembeleza siku mbili nzima. Alidhani picha itampunguzia mawazo.

"Mwanzoni alicheka kama wengine," mama husema. "Nikafurahi. Kisha akajivutia buibui usoni, akabaki hivyo."

Mkanda ulipokuwa ukibadilishwa, mama alimwacha Mwanaesha na jirani, akapenya hadi nyuma ya shuka.

"Kaka, mwanao yumo humu ndani."

"Mwanangu yupi?"

"Unao wangapi?"

Mkanda wa mwisho ukaanza, na wanawake wakaita, "Mkalimani, umelala?" Naye akaendelea. Aliendelea kwa mizaha ile ile. Alimwoza yule kijana, akamnenepesha, akampa mama mkwe mkali. Hili ndilo lililomkaa kooni kwa miaka. Lile neno la kwanza angeweza kusema lilimponyoka, lakini hayo yaliyofuata hayakumponyoka.

Alipofika nyumbani alimkuta Mwanaesha ameketi karibu na birika la kutawadhia, mikono imeloa.

"Baba, yule kijana alioa kweli? Nilijifunika, sikuona."

"Sijui," mjomba akasema. "Sikuwa nikitazama."

Kesho yake alimwomba Barnabas, mtu wa bara aliyeendesha mashine ya picha, amwonyeshe mkanda wa mwisho kabla ukumbi haujafunguliwa. Alikaa peke yake kwenye viti vya mbele. Hapakuwa na harusi. Baba wa kijana alifika kwa gari la moshi, akasimama mlangoni mwa bweni na kofia mkononi, hajui pa kuiweka. Kisha akaketi sakafuni mkabala na mwanawe. Basi.

"Mzee," Barnabas akauliza, "hii ndiyo uliyosema kijana ameoa?"

"Ndiyo hii."

Barnabas aliinama akaanza kurudisha mkanda, na mjomba akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alimsimulia Mwanaesha vile alivyoona, akiwa bado amesimama mlangoni. Kisha akampeleka kwa Mwalimu Sheikha, aliyemfundisha Kurani chuoni. Mwalimu alivitazama vidole vile, akasema mara tatu zatosha, ya nne ni ya wasiwasi, na mtoto asiachwe peke yake nayo. Tokea hapo mjomba alisimama naye penye maji kila sala aliyokuwapo, akisema, "Basi, mwanangu." Siku nyingine Mwanaesha alimsikia. Siku nyingine alilia na kumwambia aondoke. Ilichukua karibu miaka miwili, na hata baadaye ilirudi mara kwa mara. Majirani walipouliza habari ya homa, mjomba aliwaambia si homa.

Lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Makadara nzima, mwenye kuumwa na kichwa alisema kina soko, na watoto walilisema wakifukuzana vichochoroni. Wateja walimwomba mjomba alirudie, huku Mwanaesha yuko nyuma ya pazia akisikia. Mjomba alijifanya ana sindano mdomoni, hawezi kusema.

Mwaka wa 1948 Mwanaesha aliposwa na karani wa bohari za Shimanzi. Baba na binti walishona godoro la harusi pamoja. Mjomba akasema bila kuinua kichwa, "Siku ile nilijua umo ndani, nami nikaendelea."

"Najua," Mwanaesha akasema. "Shangazi aliporudi kitini pake, sauti yako ilitetemeka kidogo. Kisha ukaendelea."

"Ulijua miaka yote hii?"

"Nipe uzi, baba."

Akampa. Mjomba hakujua kama huo ulikuwa msamaha, na hakuthubutu kuuliza. Walimaliza pembe ya mwisho kabla ya adhuhuri, na hamali akaja na mkokoteni kulipeleka godoro Shimanzi.