Shahidi wa Sabuni ya Ng'arisha

Kama kuna mtu aliyejaliwa ulimi katika mtaa wa Kamenu, Thika, basi ni Wilkister. Alikuja Thika kutoka Ugenya akimfuata mume aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, mume akarudi nyumbani "kupumzika kidogo", na mpaka leo anapumzika. Wilkister akabaki na mikono yake miwili, akawa anawafulia watu nguo nyumba hadi nyumba. Kufua hakukumpa jina. Jina alilipata siku za Alhamisi, katika ushirika wa akina mama, kwa kutoa ushuhuda.

Ushuhuda una adabu yake. Mtu akisimama akasema "Bwana asifiwe", mnaitika "Amen", na kuanzia hapo haulizwi swali. Kumtilia shaka anayeshuhudia ni sawa na kumtilia shaka Mungu mwenyewe. Wilkister aliijua adabu hiyo kumshinda mchungaji. Mafua tu aliweza kuyasimulia hadi watu wakatafuta vitambaa vya kujifutia machozi.

Sasa Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na sita, pikapu yenye vipaza sauti ikaingia sokoni. Juu yake alisimama Kang'ethe, kijana wa kampuni ya sabuni mpya ya unga iliyoitwa Ng'arisha. Tai ilimkaba shingo, lakini haikumziba mdomo, kwa bahati mbaya.

"Mama yeyote ametumia Ng'arisha akuje hapa juu atuambie vile imemsaidia! Anaenda nyumbani na beseni, bure kabisa!"

Hakuna mtu sokoni aliyekuwa ameitumia, maana sabuni yenyewe ilikuwa imeshushwa asubuhi hiyo hiyo. Mwenye haya angenunua sukuma wiki yake akaenda zake. Wilkister alipanda.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!" soko likaitika.

Akaeleza jinsi Ng'arisha ilivyotoa doa la mafuta ya mashine kwenye overoli ya mumewe, doa lililokuwa limemshinda miaka na miaka. Akalia. Naam, alilia machozi ya kweli, kwa ajili ya overoli ambayo haikuwahi kuwepo. Wanawake wakasukumana kununua, watu wazima na akili zao, na Kang'ethe akamkabidhi shahidi wake beseni la kijani.

Tangu hapo kampuni haikutafuta mwingine. Kila Jumamosi Wilkister alichukuliwa, mara Ruiru, mara Kahawa Wendani, hata Ngoliba, ambako maji ya kunywa yenyewe ni shida, sembuse ya kufulia. Chini ya kitanda chake mabeseni yakapandana. Na sabuni yenyewe? Aliijaribu mara moja tu, kwa leso yake, na mikono ikamwasha kutwa nzima. Akafunga pakiti, akaendelea kufua kwa sabuni ya kipande kama zamani, mlango ukiwa umefungwa.

Jirani yake Benta, mjane mgeni Thika, hakujua hayo. Wilkister ndiye aliyemwingiza katika kazi ya kufua na kumtafutia wateja Wendani, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Benta alimwamini kama Maandiko. Alinunua Ng'arisha, akaifulia kila siku, na haukupita muda vidole vyake vikapasuka na kuanza kutoa maji. Mteja mmoja akamwambia asirudi tena, hataki damu kwenye shuka zake.

Benta akaenda moja kwa moja kwa Wilkister, akanyoosha mikono. "Dada, hebu angalia. Hii sabuni wewe ulitumia aje?"

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu lingetosha: acha. Lakini Kang'ethe alikuwa ameahidi meko mpya, jiko la gesi na mtungi wake, kwa shahidi atakayefunga kampeni Ruiru Jumamosi hiyo, na Wilkister alikuwa ameshawatangazia wapangaji wa ploti nzima kwamba yeye na makaa basi.

"Wewe unaweka mingi sana," akasema bila kupepesa macho. "Weka kidogo. Na uombe."

"Kumbe ni mimi," Benta akasema. Akamshukuru, akaenda.

Aibu ilimgusa Wilkister, tusimnyime haki yake. Alijiambia kwamba Jumatatu, meko ikishafika nyumbani, atamwita Benta amweleze polepole. Jumatatu! Watu wa namna hii hawakosi Jumatatu.

Ruiru siku hiyo watu walijaa. Wilkister akapanda pikapu amevaa fulana ya Ng'arisha, meko iking'aa miguuni pa Kang'ethe. Alipoinua macho akamwona Benta mbele kabisa, mikono yote miwili imefungwa vitambaa. Alikuwa ametoka Thika kuja kumsikiliza dada yake. Wilkister alijua wazi kwamba akitoa ushuhuda wake, mikono ile itarudi ndani ya povu lile.

"Mathe, watu wanangoja," Kang'ethe akamnong'oneza.

"Bwana asifiwe," Wilkister akasema.

Sauti ya Benta ndiyo iliyotangulia zote. "Amen!"

Wilkister akasimulia habari za doa, akalia mahali pa kulia. Alipoteremka na meko yake, Benta alikuwa ameshanunua pakiti nyingine, na alikuwa akimwomba Kang'ethe amfungulie, kwa kuwa vidole vyake havikunjiki.