Jini, Ndimu na Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa karani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, nami nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani. Pombe ilikuwa haijawahi kuingia nyumbani mwetu. Kwa hiyo dereva wa mgodi alipobisha hodi na chupa ya jini, niliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayeachiwa mtoto wa jirani, nikamwuliza mume wangu tuiweke wapi.

"Juu ya kabati," alisema. "Na usiitikise."

Mzungu aliyekuwa mkubwa wake kazini alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Alisema angependa kuja kutuaga nyumbani, Jumamosi saa kumi, tunywe glasi moja. Siku zile Mwafrika hakuuziwa pombe kali dukani bila kibali, ndiyo maana mgeni akatanguliza chupa yake. Mume wangu alinieleza kwamba jini hainywewi kavu, huchanganywa. Huchanganywa na nini, hakujua. Yeye alikuwa ameziona glasi zikipita kwenye sinia tu.

Akanipeleka kwa mzee mmoja mzaliwa wa Ujiji, mhudumu wa vinywaji katika klabu ya Wazungu pale mgodini. Tulimkuta amemaliza kuswali adhuhuri, anakunja mkeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Shika kichwani, usiandike. Kikombe kimoja cha kahawa cha ile nyeupe." Neno jini hakulitamka. Alisema kwao jina hilo haliitwi ovyo. "Nusu kikombe maji ya ndimu. Vijiko viwili vya sukari iliyochemshwa na maji, ikapoa. Barafu. Mwisho soda, uimimine taratibu, ukoroge mara moja. Ukizidisha, soda inakufa."

"Na ladha yake, baba, inatakiwa iweje?"

"Sijui. Sijaionja maisha yangu. Mimi hutazama nyuso zao."

"Uso unakuwaje ikiwa sawa?"

Alifikiri. "Hawasemi kitu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwanafunzi asiyeonja wa mwalimu asiyeonja. Wa kuonja aliyebaki ni mama mkwe. Alikuwa ametoka kijijini kwao, Shinyanga, kuja kumwona mjukuu, na kwa wiki tatu mazungumzo yetu yalikuwa "mwangaluka, mayu", salamu ya Kisukuma kwa mama, asubuhi na "chakula tayari" jioni. Hakupendezwa na mkwe aliyekataa hata kushika kibuyu cha pombe ya mtama siku ya harusi yake mwenyewe. Nilimwendea uani nikamwomba anisaidie kuonja. Akaweka ungo chini.

Glasi ya kwanza sikungoja sukari ipoe. Niliimimina jini mle mle kwenye sufuria, ikiwa bado inatokota.

"Hii ni dawa ya kikohozi," alisema, lakini aliimaliza.

Ya pili niliikoroga kama uji.

"Hii imekufa."

Ya tatu nilisahau sukari kabisa. Alifumba jicho moja, akalifumbua baada ya kitambo. "Hii ina nguvu, ila haina adabu."

Ya nne hakusema kitu. Nikamkumbuka mzee wa klabu, moyo ukanitulia, nikaenda kuanua nguo. Niliporudi nikakuta mama mkwe amelala akiwa amekaa, glasi imo mkononi, wima.

Ijumaa mume wangu aliishusha chupa kutoka juu ya kabati.

"Imepunguaje hivi?"

"Tulikuwa tunajifunza," nilisema.

"Tulikuwa, wewe na nani?"

"Na mimi," alisema mama yake kutoka uani. Mume wangu akairudisha chupa, akaenda kazini.

Jumamosi mzee wa klabu alituletea barafu iliyofungwa kwenye gunia na pumba za mpunga. Ilifika na ukubwa wa yai. Mgeni naye akafika saa kumi kamili, akaketi kwenye kiti chenye mikono, nami nikatoka na sinia. Kabla sijamfikia, mama mkwe alisimama, akaichukua glasi, akaonja.

Kwao mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja. Kumpa bila kuonja ni kama kumwambia afe kwanza, ninyi mtaona. Hilo sote tulilijua. Hatukufikiri tu kwamba lingefanyika siku ile.

"Ndimu imezidi," alisema kwa Kisukuma, akanirudishia.

Mume wangu aligeuka akatazama ukuta. Hapakuwa na kitu ukutani.

"Mama anasema ndimu nyingi?" aliuliza mgeni, ambaye alikuwa ameishi miaka mingi na wachimbaji Wasukuma.

"Ndiyo, bwana. Samahani, bwana."

"Basi tungoje."

Nikaenda kuongeza sukari na soda. Mama mkwe akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali, akampa mgeni kwa mkono wake. Mgeni alikunywa. Nilimkodolea macho usoni kwa namna isiyo ya heshima. Hakusema kitu. Aliomba ya pili, nayo ikapita kwanza kwa mama mkwe. Aliondoka jua halijazama, akamwambia mama mkwe "wabeja", yaani asante. Mume wangu alikaa siku mbili bila kusema na mtu, siku ya tatu akauliza kama kuna ndimu iliyobaki, ya kutia kwenye samaki.

Wiki iliyofuata habari ziliwafikia wazee wa kanisa, wakaniita. Nilikiri kwamba nilichanganya pombe nyumbani.

"Na ulionja?"

"Hapana."

"Mtu atachanganyaje kitu asichokionja?" aliuliza mkubwa wao. Lilikuwa swali la haki, na sikutaka kumtaja mama mkwe.

Mtu akakohoa mlangoni. Alikuwa mama mkwe, ambaye alikuwa hajawahi kuingia kanisani, na mjukuu mgongoni.

"Huyu hakunywa," alisema. "Nilikunywa mimi. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzeni mimi."

"Lakini wewe, mama, si mshiriki wetu."

"Basi mmeshindwa."

Wazee walishauriana kwa sauti ya chini. Wakanisimamisha kwaya mwezi mmoja. Walimwuliza mama mkwe kama angebaki kwa sala, akasema mtoto ana njaa.

Mwezi ule nilikaa benchi la nyuma nikimsikiliza aliyechukua nafasi yangu, ambaye hakuzifikia noti za juu. Mama mkwe aliahirisha safari yake ya kurudi kijijini mara mbili. Alasiri tulikaa uani tukibangua karanga, akanieleza jinsi mtama unavyolowekwa, unavyoachwa uchipue, unavyoanikwa na kusagwa hadi uwe kimea cha pombe nzuri. Alieleza polepole, hatua kwa hatua, na nilipokosa kuelewa alirudia. Nilisikiliza yote. Kusikiliza hakukuwa kumekatazwa.