Kitabu Kilicholaliwa na Mpunga

Hakuna atakayeiamini habari hii, na asiyeiamini aende Lipangalala, hapa Ifakara, akaulizie chumba cha vitabu cha Tekla, nyuma ya kanisa. Chumba chenyewe kina mlango mmoja, dirisha moja na vitabu sitini na viwili, vinene kama matofali, na ndani yake hakuna tone la wino. Ni nukta nundu tupu, vivimbe vidogo ambavyo msomaji huvipapasa kwa ncha ya kidole.

Tekla, Mpogoro wa Mahenge, alipofushwa na surua akiwa na miaka mitano. Akasomea shule ya wasioona huko mbali, akarudi na kibao chake cha kuandikia, na tangu mwaka tisini na moja ndiye mtunza vitabu. Kila msomaji anamjua kwa hatua zake mlangoni. Kitabu hukikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na onyo lake ni lile lile: "Kisimamishe. Usikilaze, usikikalie."

Mvua zile za mwaka tisini na nane, Tekla akiwa msibani Mahenge, paa likavuja. Mtu mmoja mwenye huruma, jina tuliache, akakuta kitabu kimelowa na kujikunja. Akafanya kama angefanya mwenye akili yeyote wa Ifakara: akakilaza sakafuni, akakipangia juu magunia manne ya mpunga. Siku ya nne kilikuwa kimenyooka kama shuka ya hospitali. Tekla aliporudi, akapitisha kidole. Kurasa zilikuwa laini.

"Nani ameniulia kitabu?"



Alhamisi akaja Mashimba, mfugaji wa Kisukuma wa Kiberege. Macho yalimwishia akiwa na miaka hamsini, akafundishwa kusoma na Tekla kwa miezi kumi na minne. Hicho ndicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza maishani, hadithi ya mwindaji, na mara ya mwisho alikuwa amemwacha huyo mwindaji pangoni, uso kwa uso na chui. Mkewe, Mbuke, akamketisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Chui kafanyaje?"

"Kurasa zimelala, baba. Zimelaliwa na magunia."

Mashimba akapapasa, akapapasa tena. "Basi. Nyumbani wananicheka, eti napapasa karatasi kama natafuta chawa. Kama chui hana mwisho, mimi sirudi tena hapa."

"Nipe Alhamisi tatu."

"Nyie Wapogoro kwa ahadi!"

"Na nyie Wasukuma kwa kususa!"

Alipoondoka, Tekla akajaribu tena. Kidole hakikusikia kitu. Akainama, akapitisha mdomo wa chini juu ya karatasi, maana ngozi ya mdomo haijachakazwa na mchi kama ya vidole. Hapo vivimbe akavisikia, kwa mbali, kama vipele vya joto. Kuanzia pale pangoni, mstari kwa mstari akasoma kwa mdomo, akatoboa karatasi mpya kwa kalamu ya chuma. Palipofutika kabisa aliacha pengo. Hakutunga hata neno. Mdomo ukachubuka, akapaka mafuta, akaendelea.

Alhamisi ya tatu kidole cha Mashimba kikatembea, kikasita.

"Mwalimu, hapa mbona tambarare?"

"Hapo pamekufa, baba. Ruka."

Akaruka. Mara akajipiga paja. "Mbuke! Kumbe chui jike, ananyonyesha! Mwindaji karudi kinyumenyume, kamwachia pango lake!"

Kabla ya kuondoka akaazima kingine, akakibeba kimesimama, kifuani.

Na kazi hiyo yote, kurasa mia tatu, Tekla aliimaliza kwa siku mbili, hajala, hajanywa, mpaka kalamu ya chuma ikapinda kwa moto wa mkono wake, na ng'ombe wote wa Mashimba wakapanga foleni toka Kibaoni kuja kumshu—

"Mjomba Kelestini!" Tekla akanikatiza toka mlangoni. "Kurasa thelathini na moja, na wali nilikula. Ukishamaliza kuwapanga hao ng'ombe, mtaje na mwenye magunia."