Spika za Tarumbeta Chumbani kwa Mama

Naikumbuka vizuri siku niliyonunua spika za tarumbeta, mwanangu, kama hizo ulizonionyesha kwenye simu yako. Nilikuwa na umri wako, ila mbishi kukuzidi. Nilitoka Hirbadaw asubuhi na mtamba wangu mmoja, nikamuuza mnadani Basotu, na kabla jua halijapanda sana nilikuwa nimesimama mbele ya muuza vyombo vya muziki.

Sikuzitaka kwa ajili yangu. Mama alikuwa ameimba kwaya tangu akiwa msichana kule Mbulu, na sasa miguu ilikuwa imemkatalia kwenda kanisani. Tulikuwa na kaseti ya kwaya yao, ya miaka alipokuwa bado na sauti. Nilitaka aisikie akiwa nyumbani.

Sisi watu wa ng'ombe, kama unavyojua, dume tunalitazama kwanza kwa mbali, tuone linavyosimama na linavyotembea, ndipo tunasogea kulishika. Nami nikazikagua spika vivyo hivyo. Nikarudi nyuma hatua mia nzima.

"Nenda mbali zaidi, kaka!" muuzaji akapaza sauti. "Bado utazisikia!"

Kweli nilizisikia, tena safi, maneno yote yakifika. Nikalipa, pamoja na mashine ya kuzipigia kaseti.

Chumba cha mama kilikuwa cha hatua nne. Nikaiweka midomo yote miwili ya spika ikimtazama pale kitandani, nikawasha kaseti. Watu wakasimama barabarani kusikiliza, wakanisifu, na kichwa kikanivimba. Mama akasema, "Nzuri, mwanangu. Asante." Kila asubuhi nikawa namwashia, kisha naenda shamba. Miezi minane nilifanya hivyo.

Siku moja nilisahau jembe, nikarudi. Kwaya ilikuwa inapiga kelele chumbani, na mama amejiziba masikio kwa pamba. Nilizima, nikachutama karibu naye.

"Shikamoo, mama. Mbona hukuniambia?"

"Marahaba. Umeuza mtamba wako kwa ajili yangu," akasema. "Ningekuambia nini?"

Niliona aibu ambayo hata leo sijui niiweke wapi. Nikazipeleka spika Katesh, nikabadilishana na fundi mmoja kwa redio ndogo ya kaseti. Fundi hakunicheka, ingawa nilistahili. Alinieleza tu kwamba midomo ile imetengenezwa kurusha sauti uwanjani, na spika nilizochukua hazikuwa za kumwimbia mtu aliyelala hatua tatu mbele yake.

Jioni nikaiweka redio karibu na mto wake, sauti ya chini. Mama alisogeza sikio karibu nayo. Kisha akasema, "Huyo ni Elizabeti," rafiki yake aliyekwisha kufa. Baadaye tena, "Na huyo ni mimi."

Aliisikiliza kwaya yake siku kumi na moja, kisha tukamzika. Katika ile miezi minane niliyompigia kelele, kila siku ningeweza kumpa siku kama hizo. Nilijuta, na bado najuta.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Siku hizi ziko spika za tarumbeta zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba, na nimesikia zinazoimba vizuri kabisa. Ila usiniambie umezipenda dukani. Mwombe mwenye duka akuazime, zilale kwako siku mbili, ukae kwenye kiti utakachokaa kila siku, ufungulie kidogo tu, uweke sauti ya mtu unayemfahamu. Usipomtambua, zirudishe bila haya. Na kama kuna mwingine atakayesikiliza nawe, mkeo au mzazi, usitosheke na asante yake. Mwangalie usoni wakati muziki unalia, na umpe nafasi ya kukwambia hapana huku bado una muda wa kurekebisha.

Mungu akujalie nyumba yenye muziki, mwanangu, na watu wasioogopa kukwambia upunguze sauti.