Pasi Fupi za Pipeline

Enzi zetu tulipokuwa gredi ya nne, na usinicheke eti bado navaa sare ya shule, kule mtaani Pipeline tulikuwa na uwanja. Ulikuwa uchochoro kati ya maghorofa mawili, nguo zikitudondoshea maji ya sabuni kichwani, mtaro ukinuka pembeni na chapati za majirani zikitutoa udenda. Mama Zainabu wa ghorofa ya kwanza alikuwa na sheria moja: "Mpira ukigusa dirisha langu, ni wangu." Alikuwa na mipira mingi kuliko duka.

Ndiyo maana tulicheza pasi fupi, chini kwa chini. Uzuri wake ni kwamba wageni walikimbizwa hadi ulimi nje, na asiye na mpira hakufungi. Ubaya wake tuliujua siku tuliyowafuata vijana wa mtaa wa Njiru kwao. Uwanja mpana, vumbi tupu, na kila timu imeweka dau mpira wake. Mshindi anabeba yote miwili. Wetu ulikuwa wa ngozi, wa pekee uliobaki kwenye ploti nzima.

Tulipasiana hadi mbuzi waliokuwa pembeni wakalala. Njiru wakatunyang'anya mara moja tu, wakapiga mrefu, bao. Tukarudi kupasiana. Karibu na mwisho, Otieno, mshambuliaji wetu, akafika golini, kipa wao ameteleza yuko chini, naye akageuka kutafuta mtu wa kumrudishia nyuma. Miguu yake ilikuwa bado inamwogopa Mama Zainabu.

Wanjiku, kipa wetu, ambaye siku nzima hakuwa na kazi, akapaza sauti kutoka kule nyuma: "We Otieno, huku hakuna dirisha la mtu. Piga!"

Otieno akatazama kushoto na kulia kama mwizi, akapiga. Mpira ukapita katikati ya mawe yao ya goli, ukaenda kuangusha mboga za sukuma wiki za watu huko. Sare. Kila mtu na mpira wake. Tulirudi tumembeba Wanjiku, naye ameupakata mpira wetu kama mtoto mchanga.

Siku hizi watoto wa gredi ya nne wanakaa kwenye ngazi na simu, wakibishana ni timu gani ya Ulaya inashika mpira zaidi. Kinachotoka jasho ni kidole gumba. Juzi niliwashushia mpira wetu ule, ngozi imechunika kama kiazi. Wakauzunguka. Mmoja akaupapasa akitafuta kitufe, akauliza unawashiwa wapi.

Nikamwonyesha kwa mguu.