Kikohozi cha Baba Masanja

Watafiti waliomba wananchi warekodi vikohozi vyao kwa simu, ili kompyuta ijifunze kutambua kifua kikuu. Mimi, bingwa wa kujisomea kutoka mtaa wa Kambarage mjini, nilijitolea kuwahamasisha wachimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo. Sauti zikamiminika. Kwenye mkutano na wanakijiji nikamweleza daktari wa utafiti huo kwa kujiamini, "Zinafanana mno. Nadhani ni vumbi la machimboni."

Akazifungulia kwenye spika. Watu wakaangua kicheko.

"Huyo ni Baba Masanja!"

"Shikamoo, daktari," akasema mama mmoja. "Sisi wengine hatukohoi. Mgeni akiomba kitu, hutoa mwenye nacho. Basi tukampelekea yeye simu zetu."

Daktari hakucheka. Alinigeukia. "Na huyo Baba Masanja, umeshampeleka kupimwa?"

Kabla sijajibu, kwenye benchi la mbele, Baba Masanja akakohoa.