Kuku wa Kienyeji wa Kwa Mathias

Tulihamia Kibaha, mbele kidogo ya Mkuza, baada ya mume wangu kugundua kwamba yeye ni mkulima. Aligundua kwenye simu. Kwa miezi alikuwa akitazama video za watu wenye kofia pana wanaochuma nyanya huku wanacheka, na siku moja akaniambia kwa uchungu kwamba watoto wetu hawajui chakula kinatoka wapi. Nikamwambia kinatoka sokoni. Hakucheka.

Kiwanja chetu hakikufika hata eka moja, lakini kukiita kiwanja ilikuwa marufuku. Kiliitwa famu. Kabla hatujavuta maji, famu ilikuwa na kibao getini kinachosema "Mbwa Mkali", na mbwa hatukuwa naye. Mume wangu alinunua buti za mpira na kofia. Mimi nami sikuwa na nafuu: nilinunua vikapu vitatu vya ukili vya kuchumia mboga ambazo hatujapanda, nikavipiga picha, nikaituma kwa kila mtu ninayemfahamu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kung'oa magugu. Tulishinda Jumamosi nzima tumeinama, sisi na binti zetu wawili, mpaka tukapata rundo la kufika kiunoni. Ndipo bibi jirani akapita. Ukoo wake umelima upande ule tangu enzi za babu zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mboga zimewakosea nini?"

"Mboga gani?"

Akaonyesha rundo. "Si huo mchunga? Na ule mlenda. Kama hamli, nipeni mie."

Akafunga kanga nzima, akaondoka nayo. Mume wangu akamtazama kwa huruma. "Unaona hali za watu huku? Wanakula majani." Kisha akaenda kupanda letusi.

Letusi ilinyauka ndani ya wiki mbili. Brokoli ilitoa majani mapana, ikaishia hapo. Kuku tuliokuwa nao kumi, wa kienyeji kweli, binti zetu waliwapa majina wote kumi, na tangu hapo kumchinja mmoja ingekuwa msiba wa nyumba nzima.

Katika hali hiyo ndipo mume wangu alipowaalika ndugu na wafanyakazi wenzake kutoka Dar waje kula chakula cha shambani. Nilimuuliza chakula kipi. Akaniambia, bila kunitazama, nipitie stendi ya Kwa Mathias. Nikapitia. Nilirudi na kuku wa kisasa watano waliokwisha kunyonyolewa, na mboga nikaenda kuomba kwa bibi. Alinichumia mchunga bila kuniuliza kitu, na mimi kwa aibu nikamwalika naye aje.

Wageni walikula kwa sifa. Bosi wa mume wangu alifumba macho kabisa. "Hii ndiyo tofauti ya kuku wa kienyeji," alisema. "Nyama laini, inateleza yenyewe."

"Ni malisho," mume wangu akajibu. "Hatuwapi madawa."

Bibi alikuwa ameketi mkekani karibu nami. Akatafuna, akatafuna tena, akanigeukia. Nadhani alidhamiria kunong'ona, lakini masikio yake ni mazito na sauti yake ni ya mtu wa kuita ng'ambo ya shamba.

"Mwanangu, huyu kuku wa kisasa. Nani kakuuzia akakwambia wa kienyeji? Wamekuibia!"

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliweka kijiko chini. "Kumbe umetuleta kote huku tuje kula kuku wa stendi?" Akaanza kucheka, na wote wakamfuata, isipokuwa bosi, aliyekuwa bado na paja mkononi. Mume wangu alisema anakwenda kukagua brokoli. Alikaa huko mpaka magari yalipoondoka. Nilitamani kumcheka, nikakumbuka ni nani aliyebeba kuku wale kwenye kikapu cha ukili.

Asubuhi bibi alikuja na mzigo wa vijiti vya mihogo. "Baba, panda hivi. Yale maua yako achana nayo." Mume wangu akapanda mstari mzima huku macho ya vijiti yakitazama chini. Bibi akaving'oa kimoja kimoja, akavigeuza. Nilishukuru kwa niaba ya mihogo.

Ilikubali. Tulivuna mihogo minene kama mapaja ya mtoto, tukala kwa nazi, tukagawa. Juzi nikamsikia mume wangu, kofia kichwani, akimweleza bibi kwenye mpaka wetu nafasi inayotakiwa kati ya shina na shina. Bibi aliegemea jembe, akamsikiliza hadi mwisho.

"Ahsante, mwalimu," akasema, akaendelea kupanda vilevile alivyokuwa akipanda.